Nimegawa zawadi darasani na kelele zimezidi: kosa ni la nadharia au ni langu?

Mwalimu wa Uyole

Walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha Hisabati kidato cha pili katika shule moja ya kata upande wa Uyole, jijini Mbeya, na mkondo ninaouulizia una wanafunzi 84 wanaokaa watatu watatu kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya wawili. Mwanzoni mwa muhula huu wa pili niliamua kuweka fimbo chini. Sikuiweka chini kwa sababu ya semina wala kwa kumwogopa mtu. Niliiweka chini kwa sababu niligundua kwamba majina niliyoyaandika mwezi Februari kwenye daftari langu la nidhamu ndiyo yale yale niliyokuwa nikiyaandika mwezi Mei, na dawa anayopewa mgonjwa yule yule kwa miezi minne bila kupata nafuu haistahili kuitwa dawa.

Nikarudi kwenye madaftari yangu ya chuo, sehemu ya saikolojia ya elimu, nikasoma upya habari za Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, na wanautabia wenzake, wanaoieleza tabia kwa kutazama kile kinachoifuata: kwamba tabia inayofuatwa na jambo jema hujirudia, na isiyofuatwa na chochote hufifia. Nikaenda Mwanjelwa, nikanunua kalamu, penseli na peremende kwa shilingi 18,000 za mfukoni mwangu, kisha nikatangaza kwamba kila Ijumaa nitawazawadia wale watakaokuwa wamekaa kimya wiki nzima.

Wiki ya kwanza darasa lilitulia kama kanisa siku ya Ijumaa Kuu. Wiki ya tatu wakaanza kuniuliza tangu Jumatatu, "Madam, wiki hii kuna nini?" Wiki ya tano fedha ziliisha, nikawaambia hakuna zawadi, na kelele zilizofuata sikuwahi kuzisikia hata enzi za fimbo. Lililoniumiza zaidi ni kwamba wasichana watano wa mbele, ambao tangu kidato cha kwanza hawajawahi kunisumbua na ambao walikuwa wakifanya maswali ya ziada bila kuambiwa, sasa nao wanapiga soga, na mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba hakuna sababu ya kumaliza zoezi wiki isiyo na kalamu.

Yuko pia kijana mmoja anayekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Kila nikigeukia ubao, hutoa mlio wa bajaji inayopanda mlima. Nikigeuka, darasa zima linacheka na yeye anatazama daftari kama mtawa. Nimemsema mbele ya wenzake, nimemtoa nje, nimempeleka kwa mwalimu wa nidhamu, na mara mbili nimemwahidi kaunta buku akiacha. Hajaacha.

Ninaomba mnisaidie kwa yale mliyoyajaribu wenyewe. Je, nadharia hii ilitungwa kwa madarasa ya watoto 20 huko Marekani na haitufai sisi, au ni mimi niliyeitumia vibaya?

Malezi Mafinga

Mwalimu mwenzangu, pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni mwalimu wa malezi na ushauri nasaha hapa Mafinga, na kosa ulilolifanya nililifanya mwaka wangu wa kwanza, ila mimi nilitumia biskuti.

Katika utabia, zawadi na kiimarishi si kitu kimoja. Zawadi ni kile ambacho mtoaji anadhani ni kizuri. Kiimarishi ni kitu chochote ambacho kikifuata baada ya tabia, tabia hiyo huongezeka. Hakitambuliwi kwa thamani yake bali kwa matokeo yake. Kalamu ya shilingi 300 inaweza isiwe kiimarishi, na karipio kali linaweza kuwa kiimarishi kizuri kuliko vyote vilivyomo darasani. Hapo ndipo alipo kijana wako wa bajaji. Jiulize kile kinachofuata baada ya mlio wake: mwalimu anakatiza somo na kugeuka, vichwa 83 vinageuka, kicheko kinapasuka. Msanii gani wa Mbeya mjini anapata ukumbi wa aina hiyo bure, kila siku, kwa mlio wa sekunde mbili? Wewe ulikuwa unamwahidi kaunta buku moja mwisho wa mwezi. Wenzake walikuwa wanamlipa taslimu papo hapo.

Hili si wazo langu. Mwaka 1968 huko Marekani, watafiti Madsen, Becker na wenzao walichunguza madarasa ambamo watoto walikuwa wakisimama na kuzurura ovyo, na wakaona kwamba kadiri walimu walivyozidi kusema "kaa chini", ndivyo watoto walivyozidi kusimama. Mtoto aliyeambiwa aketi aliketi kweli, na mwalimu akaridhika, lakini kusimama kulikuwa kumemletea uangalifu wa mwalimu, kwa hiyo baada ya muda alisimama tena yeye na jirani yake. Walimu walipoacha kuwakaripia na wakaanza kuwasifu waliokuwa wakifanya kazi, kusimama kulipungua. Mwaka huo huo, Madsen, Becker na Thomas walionyesha pia kwamba kuwasomea watoto kanuni za darasa peke yake kulibadilisha kidogo sana, jambo ambalo yeyote aliyewahi kubandika karatasi ya "Sheria za Darasa" ukutani analijua.

Kosa la pili liko kwenye neno "kimya wiki nzima". Wiki ni mbali mno. Thorndike, aliyewafungia paka kwenye masanduku mwishoni mwa karne ya 19 ili aone watajifunzaje kutoka, aliona kwamba kitendo kinachofuatwa na matokeo ya kuridhisha ndicho kinachojikita. Matokeo ya Ijumaa alasiri hayawezi kujikita kwenye kitendo cha Jumatatu asubuhi, ambacho mtoto amekwisha kukisahau. Na "kimya" chenyewe si tabia. Hata gogo hukaa kimya. Taja jambo ambalo mwanafunzi aliye hai analifanya: amefungua daftari kabla hujamaliza kuita majina, amejaribu swali la kwanza ndani ya dakika tatu, amenyoosha mkono badala ya kupayuka. Hayo unaweza kuyaona, unaweza kuyahesabu, na unaweza kuyalipa papo hapo kwa neno moja.

Kuhusu neno hilo, nina angalizo. Kijana wa miaka 15 ukimsifu kwa sauti mbele ya darasa zima, kwa wengi wao umemwadhibu, kwa maana atazomewa wakati wa mapumziko. Pita karibu na dawati lake, gusa daftari, useme kwa sauti ya chini, "Hatua hii ya tatu umeipanga vizuri." Wale wadogo wa darasa la pili wanaipenda sifa ya hadharani, hawa wenye ndevu za kwanza hawaipendi.

Kabla hujabadilisha chochote, chukua daftari na kwa siku tano uandike mambo matatu tu kila kelele inapotokea: kilichotangulia, kilichofanyika na kilichofuata. Usiadhibu zaidi wala usizawadie zaidi. Andika tu. Na utakapoamua kuacha kumgeukia mpiga bajaji, jiandae, kwa sababu tabia iliyonyimwa malipo yake haifi siku ya kwanza. Kwanza hupaza sauti. Atalia bajaji, atalia lori, atalia treni ya TAZARA. Ukishindwa kuvumilia ukageuka pale anapolia treni, utakuwa umemfundisha kwamba bajaji hailipi lakini treni inalipa. Na ukigeuka mara moja moja tu, hapo ni vibaya zaidi, kwa kuwa malipo yasiyotabirika ndiyo yanayoshikilia tabia kwa muda mrefu kuliko yote. Mvuvi wa Matema hapati samaki kila anapotupa wavu, na ndiyo sababu haachi kuutupa.

Mstaafu wa Tukuyu

Binti yangu wa Uyole, nimefundisha miaka 36, mingi yake katika wilaya ya Rungwe, na nimesoma ulichokiandika mara mbili. Mwalimu wa Mafinga amekujibu vizuri kuhusu wanafunzi. Mimi nataka nikueleze habari za mwanafunzi mmoja ambaye nyote wawili hamjamtaja, naye ni mwalimu.

Mwalimu akimchapa mtoto anayepiga kelele, kelele hukatika papo hapo. Kitu kilichokuwa kikimkera kimeondoka. Kwa lugha ya nadharia hii, hilo linaitwa uimarishaji hasi, na wengi wetu tulijibu vibaya kwenye mtihani wa chuo tukidhani kwamba "hasi" maana yake ni adhabu. Si hivyo. Uimarishaji, uwe chanya au hasi, daima huongeza tabia. Chanya huongeza kwa kuleta kitu, hasi huongeza kwa kuondoa karaha. Sasa tazama nani ameimarishwa katika tukio hilo la fimbo. Mtoto ameadhibiwa, lakini mwalimu ndiye aliyelipwa: alinyanyua mkono, na kero ikaondoka. Kesho mkono utanyanyuka upesi zaidi. Ndiyo maana mwalimu anaweza kuchapa kwa miaka 30 akiamini kwamba fimbo inafanya kazi, huku majina daftarini yakiwa yale yale. Nilikuwa mmoja wao, na sikufahamu hilo hadi nilipokaribia kustaafu.

Skinner alilijaribu jambo hili kwa panya katika miaka ya 1930. Baadhi ya panya waliokuwa wamezoea kubonyeza kibati ili wapate chakula walipigwa kofi mguuni kila walipobonyeza, baada ya chakula kukatwa. Waliacha kwa muda mfupi. Kofi lilipoondolewa, walirudi kubonyeza, na mwishowe jumla ya mibonyezo yao ilikuwa sawa na ya panya ambao hawakupigwa kabisa. Adhabu iliahirisha, haikufuta. Thorndike naye, ambaye mwanzoni alidhani kwamba thawabu na adhabu ni pande mbili zenye uzito sawa wa mizani, alibadili msimamo katika miaka hiyo hiyo akasema kwamba adhabu ni nyepesi zaidi.

Kwa faida ya walimu vijana wanaosoma hapa, niseme pia kwamba kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya viboko vinne, zinataka vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimia mamlaka kwa maandishi, kwamba msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa pale ambapo shule haina, na kwamba kila tukio liandikwe. Mwalimu anayepita kati ya madawati na ufito kwapani hayuko ndani ya kanuni hizo, hata kama shule nzima imemzoea.

Nikupe kisa kimoja. Nilikuwa na kijana wa darasa la sita aliyechelewa kila siku. Mnajua mvua za Tukuyu. Milimita 2,000 kwa mwaka kwetu ni jambo la kawaida, na mwezi wa nne njia za migombani huwa utelezi mtupu, kwa hiyo mwanzoni nilimsamehe. Mvua zikaisha, akaendelea kuchelewa. Adhabu ya wachelewaji shuleni kwetu ilikuwa kufyeka majani hadi kipindi cha kwanza kiishe. Nikamfyekesha mwezi mzima, naye akazidi kuchelewa, tena akawa anafika na panga lake mwenyewe, limenolewa! Hilo panga lililonolewa ndilo lililonizindua. Nikatazama ratiba: kipindi cha kwanza kilikuwa Kiingereza, kusoma kwa sauti, mmoja mmoja, umesimama. Kijana alikuwa na kigugumizi. Sisi tulidhani tunamwadhibu kwa majani, kumbe tulikuwa tunamwokoa kutoka kwenye aibu, na kila asubuhi tukamfundisha kwamba ukichelewa utaokoka. Tulibadilisha usomaji ukawa wa wawili wawili, chini kwa chini, na ndani ya wiki mbili akawa anawahi. Hakupewa hata peremende.

Kwa hiyo, binti yangu, unapomtoa mpiga bajaji nje ya kipindi cha Hisabati, kwanza jiridhishe kwamba anaipenda Hisabati.

Kihesa

Shikamoo, Mwalimu Mstaafu, na nimejifunza kwenye kisa chako. Hata hivyo ninaomba kupinga mwelekeo mzima wa mjadala huu, kwa heshima.

Ninafundisha Uraia hapa Iringa mjini. Tunazungumza juu ya watoto kwa lugha ya panya na paka, kisha tunashangaa mtoto anapouliza, "Wiki hii kuna nini?" Swali hilo si hitilafu ya mfumo wa Mwalimu wa Uyole, bali ndilo tunda lake halisi. Mwaka 1973, Lepper, Greene na Nisbett walifanya utafiti katika shule ya watoto wadogo iliyoko Chuo Kikuu cha Stanford. Watoto waliopenda kuchora waliahidiwa cheti chenye nishani wakichora. Walichora, wakapewa. Siku zilizofuata, walipoachwa huru, hao ndio waliochora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Kile walichokuwa wakikifanya kwa kupenda kiligeuka kibarua, na kibarua bila ujira mtu hakifanyi. Wale wasichana watano wa mbele wamepatwa na jambo hilo hilo neno kwa neno.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule imjenge mwanafunzi awe na akili ya kudadisi na kujiamini. Mwanafunzi aliyefinyangwa ili anyamaze anadadisi wapi? Tena kelele ni ujumbe. Wanafunzi 84, dakika 80 za kipindi pacha, mwalimu anaandika ubaoni huku amewapa mgongo: mimi nisingekuwa na umri wa miaka 15 nikakaa kimya hapo. Badala ya kuhangaika na malipo, somo lenyewe libadilike.

Malezi Mafinga

Kaka wa Kihesa, utafiti umeutaja sawasawa, ila umeacha kundi moja. Kulikuwa na watoto wengine waliopewa cheti kile kile bila kuahidiwa, yaani walichora kwanza, kisha wakashtukizwa nacho. Hao hamu yao haikushuka. Kilichoharibu ni ahadi iliyotangulia, ile ya "ukifanya hili utapata lile", tena kwa watoto ambao tayari walipenda kuchora. Kwa hiyo ninakubaliana nawe kabisa kuhusu wasichana wa mbele: hawakupaswa kuingizwa kwenye mpango wa kalamu hata siku moja, kwa kuwa walikwisha kulipwa na Hisabati yenyewe. Mwalimu wa Uyole akae nao awape maswali magumu, awaache. Lakini wale wengine sabini na kitu ambao hawajawahi kuonja raha ya kupata jibu sahihi, hamu gani tutawaharibia?

Kuhusu somo kubadilika, hapo unabisha na mtu anayekubaliana nawe. Skinner mwenyewe, katika miaka ya 1950, baada ya kutembelea darasa la hesabu la binti yake, hakwenda kutafuta peremende. Alikwenda kutengeneza mashine ya kufundishia iliyompa mtoto swali dogo, ikamwonyesha papo hapo kama amepata, kisha ikampa linalofuata. Kiimarishi alichokitegemea kilikuwa kule kupata. Alilalamika kwamba darasani mtoto hufanya maswali 20 leo na kujua kesho kutwa kama alikosa. Sisi wenye madaftari 84 ya kusahihisha tunajua hiyo kesho kutwa huwa lini.

Na neno "kufinyanga", yaani kuijenga tabia hatua kwa hatua, lisikutie hofu. Wanawake wa Kikisi wanaofinyanga vyungu vya Ikombe hawaanzi na chungu, wanaanza na donge, na kila hatua wanaipokea ilivyo kabla ya kwenda nyingine. Mpiga bajaji akifungua daftari tu, bila kuandika, siku ya kwanza hiyo inatosha.

Baridi ya Makete

Mimi ni wa shule ya msingi, darasa la tano, wanafunzi 61, kwa hiyo chukueni yanayowafaa.

Nilianza na vizibo vya soda nilipokuwa Tunduma. Anayemaliza kazi anapewa kizibo, vizibo kumi anachagua wimbo wa kuimba kabla ya kwenda nyumbani. Mpango huu wa ishara zinazobadilishwa kwa kitu kingine una historia ndefu; Ayllon na Azrin waliandika juu yake mwaka 1968, baada ya kuutumia hospitalini kwa wagonjwa wa akili. Lakini wao hawakuwa Tunduma. Siku ya nne kijana mmoja alinijia na vizibo 43. Mama yake alikuwa na grosari. Sarafu yangu ikaporomoka thamani mchana kweupe, na ikabidi niiondoe kwenye mzunguko.

Nilipohamia Makete nikatumia mchezo wa safu, ambao asili yake ni darasa moja la Kansas mwaka 1969. Waliouandika ni Barrish, Saunders na Wolf. Darasa langu lina safu nne. Ubaoni, kwenye kona, ninachora visanduku vinne. Ninatangaza kwamba kwa dakika 20 mchezo unaendelea, na kwamba mtu akipayuka au akiondoka mahali pake bila ruhusa, safu yake inapata mkwaju, yaani mstari mmoja ndani ya kisanduku chake. Sisemi chochote, simtazami mtu, ninachora mkwaju na kuendelea kufundisha. Safu yoyote iliyomaliza na mikwaju isiyozidi minne imeshinda, na zote nne zinaweza kushinda. Kwanza nilichezesha dakika 10 tu, na katika somo rahisi, ili waonje ushindi.

Zawadi hainigharimu hata senti. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba barafu hulala kwenye majani asubuhi, kwa hiyo safu zilizoshinda hutoka dakika tano kabla ya wengine kwenda kuota jua kwenye ukuta wa ofisi ya walimu. Hakuna kalamu inayoshindana na ukuta ule. David Premack alieleza mwaka 1959 kwamba jambo ambalo mtu hulifanya mara nyingi kwa hiari yake linaweza kuimarisha lile analolifanya kwa nadra. Mama yeyote wa Rungwe aliyewahi kusema "maliza kumenya ndizi ndipo ukacheze" alilijua hilo bila Premack. Tazameni wanafunzi wenu wanakimbilia nini kengele ikigonga, mtaijua zawadi.

Tahadhari moja: atatokea mmoja atakayeiharibia safu yake makusudi, na wenzake watamwandama njiani. Huyo usimwache ndani ya safu. Mtengenezee kisanduku chake, awe safu ya tano peke yake.

Mwalimu wa Uyole

Mzee wangu Mstaafu, shikamoo, na wote ninawashukuru. Nimekaa kimya kwa wiki mbili kwa sababu nilikuwa ninaandika.

Wiki ya kwanza niliandika tu, kama nilivyoagizwa. Katika vipindi sita nilisema "nyamazeni" mara 57. Sikujua. Kelele nyingi hazikutokea wakati wa kufundisha. Zilitokea dakika kama 10 za mwanzo, ninapoita majina 84 na wao hawana la kufanya, na tena ninapoandika maswali ubaoni. Mlio wa bajaji ulitokea mara 19, na mara 16 kati ya hizo nilikuwa nimeupa ubao uso kwa zaidi ya dakika moja. Kaka wa Kihesa alisema nimewapa mgongo; alisema kweli bila kuniona.

Wiki ya pili niliandika maswali nyumbani kwenye karatasi ya manila na kuyabandika kabla ya kuita majina, swali la kwanza likiwa rahisi kiasi kwamba hata aliyekosa shule wiki nzima angelipata. Kiranja sasa ananiletea mahudhurio kwa safu, bila mimi kuita. Nikizunguka, ninatia vema kwenye swali la kwanza hapo hapo dawatini, kwa kalamu nyekundu, bila kusema. Siwezi kuwafikia wote. Ninafika kama 50. "Nyamazeni" zimekuwa 14.

Bajaji ilipanda kama mlivyonionya: Jumanne alilia mara tisa, na mara moja alilia kwa muda mrefu hivi kwamba mwalimu wa darasa la jirani alichungulia. Sikugeuka, ingawa mikono ilitetemeka. Alhamisi alilia mara mbili, na kicheko kilikuwa cha watu wachache wa dirishani. Niliongea naye faraghani pia, si kwa kumsema, nikamuuliza tu kama sehemu za desimali anazifahamu. Alinyamaza sana. Hajui kugawanya. Amefika kidato cha pili hajui kugawanya, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu sote tulikuwa tukisikiliza bajaji. Sasa swali lake la kwanza ninampa tofauti, kwenye kikaratasi, na juzi alipata matatu kati ya manne. Leo asubuhi, nisiwadanganye, alikuja na mlio wa pikipiki.

Wasichana wa mbele bado hawajarudi walivyokuwa. Nimewapa maswali magumu. Wawili wameyafanya, watatu wananitazama tu.

Jumatatu ninaanza mchezo wa safu. Mwalimu wa Makete, naomba uniambie: huyo wa safu ya tano unamwacha peke yake kwa muda gani?

Baridi ya Makete

Siku tatu. Niliwahi kumwacha mmoja wiki nzima, akajipa jina, akajichagulia kiranja, na Ijumaa wawili waliniomba ruhusa ya kuhamia kwake.